Katikati ya nani na nani? Maneno niliyosema Tononoka

Watu kama watano wameniomba niandike yale niliyoongea Jumamosi pale ukumbi wa Tononoka, Mombasa, kuhusu wanasiasa wanaojiita wa katikati, wengine walichelewa feri na waliokaa nyuma wanasema spika ilikuwa inakata kata. Kwa hivyo naandika vile nakumbuka. Si neno kwa neno, na kuna maneno mawili nimeyatoa manake mamangu atasomewa hii.

Wazee wangu shikamooni, mabinti na vijana mambo zenu, na nyinyi mlioanza soda ya mkutano kabla mkutano haujaanza nawaona pia.

Nianze na bibi yangu. Bibi mzaa mama, Mungu amrehemu, ukifunga mlango kwa kishindo alikuwa anakwambia "kwa siasa mwanangu, kwa siasa." Ukibeba sufuria ya uji wa moto, kwa siasa. Ukimkanda mgongo, kwa siasa, wataka kunivunja? Mimi nimekua nikijua siasa ni upole, ni kufanya kitu taratibu bila kuvunja vunja, hadi siku nimekuja kusikiliza redio watu wanatukanana mama zao nikaambiwa hiyo ndo siasa, nikashangaa. Wazee wa huku wanaijua hiyo maana ya zamani. Nayasema haya kwa sababu sisi watu wa mrengo wa kushoto tuna tabia ya kudhani upole wa kisiasa umeletwa na mabepari na wafadhili na wanasiasa wa katikati. Hapana. Lugha yenyewe inautaka. Haraka haraka haina baraka, pole pole ndio mwendo, hasira hasara, mvumilivu hula mbivu, yaani ukikaa na methali zetu jioni moja tu utatoka hapo huwezi kugomana hata na mwenye nyumba wako.

Sasa mwanasiasa akisimama akasema mimi si wa kulia wala wa kushoto, mimi nataka tukae chini tuongee kama ndugu, huyo mtu anaongea kama bibi yangu. Sisi tukisimama tunaongea kama karatasi ya mtihani. Alafu tunashangaa watu wameenda upande gani.

Tarehe 9 Machi 2018, siku ya Ijumaa, nilikuwa kwa feri natoka Likoni. Mnakumbuka tulivyofika hapo: uchaguzi wa 8 Agosti 2017, Mahakama ya Juu ikaufuta tarehe 1 Septemba, ukarudiwa 26 Oktoba upande mmoja ukasusia, alafu 30 Januari Raila, kiongozi wa upinzani, akaapishwa Uhuru Park kama "rais wa wananchi". Mimi nilikuwa wakala wa chama, kituo sitakitaja, nililala kwa sakafu ya darasa nikilinda hesabu za watu na miezi iliyofuata nilivuta gesi ya kutosha maisha yangu yote. Basi kwa feri simu zikaanza kulia moja baada ya nyingine, picha ni ile ile, rais Uhuru Kenyatta na Raila wameshikana mikono nje ya Harambee House, ofisi ya rais. Wa kwanza walidhani imetengenezwa na kompyuta. Alafu feri nzima makofi, mama mmoja na beseni lake la samaki akaanza kulia, mwenye mkokoteni akapiga kelele ati leo nitauza! Na mimi nilipiga makofi. Nataka hiyo ieleweke kabla sijaendelea, nimekuja hapa kuwaambia sina imani na watu wa katikati lakini siku hiyo nilipiga makofi hadi viganja vikawaka, na usiku nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu Agosti.

Kwa sababu sote tulikuwa na vita vya baada ya uchaguzi wa 2007 kichwani. Zaidi ya watu 1,100 walikufa, zaidi ya laki sita wakahama makwao, kuna watu walichomwa na majirani waliokuwa wanaazimana nao chumvi. Mtu aliyeyaona hayo ukimwambia kuna mapatano hakuulizi mapatano ya nini na nani amepata nini, anauliza barabara imefunguliwa? Shule zinarudi lini? Kwa hivyo komredi yeyote akikwambia wananchi wamelala, wamenunuliwa, hawana fahamu, muulize yeye Januari 2008 alikuwa amelala wapi. Mvuto wa siasa za katikati kwetu ni uchovu na ni hofu, na hofu yenyewe haikuzuliwa na mtu. Hiyo ni mali halisi. Swali ni nani anafanya biashara na hiyo mali.

Tuje kwa mafuta, manake hapo ndo mimi nilifunguka macho.

Sheria ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya 2013 ilisema mafuta yatozwe asilimia 16. Ikaogopewa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena 2016, mpaka tarehe 1 Septemba 2018 ikaanza kutozwa. Bei ikaruka, kuanzia petroli hadi mafuta ya taa. Wabunge walikuwa wamepitisha iahirishwe miaka miwili zaidi lakini rais akakataa kutia sahihi, akarudi na pendekezo lake: basi tuseme asilimia 8. Hii ni miezi sita tu baada ya handisheki, yaani kule kushikana mikono. Zamani hapo ndo ungesikia upinzani umewaka moto, sasa upinzani ulikuwa wapi, viongozi wa pande zote mbili za ule mkono walikuwa wanawaomba wabunge wao wapitishe. Kikao cha 20 Septemba kilikuwa kama mnada wa mbuzi, wabunge wanapiga kelele wanaimba, mwisho ikapita. Na watu wenye suti wakasema hiyo ndio busara, hiyo ndio kukutana katikati. Sifuri huku, kumi na sita kule, wamekutana nane. Nani atabisha? Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu.

Mamangu anauza mitumba soko la Kongowea, nguo za watoto, yuko pale tangu mimi niko praimari. Nilimwelezea hiyo mambo ya nane jioni moja tukifunga mzigo, nikidhani nampa habari mpya. Akacheka. Akaniuliza, "Mimi nikitaka mia kwa hii fulana, nasema ngapi?" Nikamwambia unasema mia mbili. "Mteja naye?" Atasema hamsini. "Mwisho?" Mwisho mia, ukibahatika mia na ishirini. "Na akienda nyumbani?" Anaenda amefurahi mama, anamwambia mumewe nimepunguziwa. Akafunga kamba ya mzigo akasema, "Basi hao walitaka nane."

Mimi nimekaa kwa semina nyingi, nimeandikiwa ubaoni mambo ya tabaka na ziada na dola, na sikumbuki mtu aliyenielewesha katikati ni nini kama yule mama aliyeishia darasa la nne. Katikati si mahali. Hakuna jiwe limewekwa hapo. Katikati inazaliwa na bei mbili, na anayetaja bei ya kwanza kwa sauti ndiye ameshaichora, wewe ukikubali tu kuwa muungwana na kugawanya kwa mbili umeshalipa alichotaka.

Ila mamangu naye alikosea kitu kimoja. Hawakutaka nane. Nane ilikuwa ni ya kutuzoesha. Sheria ya fedha ya 2023 ikapandisha VAT ya mafuta hadi 16 ile ile, kuanzia Julai mosi, pamoja na makato ya nyumba asilimia 1.5 ya mshahara. Kwa hivyo ile kumi na sita ya 2013 tuliilipa tu mdogo mdogo, nusu ya kwanza tuliuziwa kama amani.

Na angalia kilichofuata, hii hupenda kusahaulika. 2023 kukawa na maandamano ya gharama ya maisha, watu wakapigwa risasi, alafu kama kawaida ikasemwa tukae tuongee, yakaja yale mazungumzo ya serikali na upinzani pale Bomas. Ripoti ikatoka Novemba. Walikubaliana kuhusu ofisi ya kiongozi wa upinzani. Walikubaliana kuhusu ofisi ya waziri mkuu. Kuhusu gharama ya maisha, yaani ile VAT ya mafuta na yale makato, hawakuelewana. Jamani! Watu wamekufa kwa sababu ya unga, wakubwa wamekaa miezi mezani wanapewa maji ya chupa, wanatoka wanasema viti tumeelewana, unga bado. Mimi hiyo ripoti naiweka kama ushahidi namba moja, sihitaji nadharia nyingine.

Nisiseme ni sisi tu. Ufaransa mwaka huo huo wa 2018 walikuwa na rais, Macron, aliyeingia 2017 akijinadi kwamba si kulia si kushoto. Akaanza kwa kuondoa ile kodi ya utajiri wakabakisha ya majumba na ardhi tu, alafu vuli ikafika na mpango wa kupandisha kodi ya mafuta, na wenye gari za kwenda kazini wakavaa zile vesti za njano wakafunga mizunguko ya barabara hadi Disemba serikali ikarudi nyuma. Septemba sisi, Novemba wao. Kodi ya mafuta, na mtu wa katikati. Siwezi kusema ni sheria ya dunia lakini niliona nikacheka peke yangu.

Alafu hilo neno lenyewe. Kuitwa mtu wa wastani, mtu wa kiasi, mwenye msimamo wa kati. Nani huwa anaitoa hiyo cheti? 1960 gavana wa kikoloni Renison alimuita Kenyatta kiongozi wa giza na mauti. Agosti 1963 Kenyatta huyo huyo akaenda Nakuru kuwaambia masetla wa kizungu tusameheane, bakini mlime, na walipompigia makofi akawa ni mzee mwenye busara. Kilichobadilika ni nini? Waliohakikishiwa mashamba walilala vizuri, ndo akawa mtu wa kiasi. 1965 ikatoka ile waraka wa serikali namba 10, ujamaa wa Kiafrika, ikasema sisi hatufuati ubepari wa Magharibi wala ukomunisti wa Mashariki. Katikati kabisa! Ukiisoma ndani inasema pesa za maendeleo ziende kwanza pale zitakapozaa haraka, penye ardhi nzuri, mvua, barabara na stima. Waulizeni watu wa kaskazini hiyo katikati iliwapata wapi. (Na babake Obama, ndio, yule yule, aliikosoa hiyo waraka kwa maandishi mwaka huo huo.)

Mwaka huo huo kuna Bildad Kaggia. Alifungwa pamoja na Kenyatta, kesi ya Kapenguria. Akatoka serikalini 1964 akisema ardhi iliyoporwa haiwezi kuuzwa tena kwa aliyeporwa, irudishwe bure kwa wasio nayo. Kenyatta akaenda mkutanoni Kandara, nyumbani kwa Kaggia, mbele ya watu wake, akamuuliza: tulikuwa jela pamoja, angalia Ngei ana kahawa, angalia Kubai ana nyumba kubwa, Karumba ana mabasi, wewe Kaggia umejifanyia nini? Mimi hiyo swali bado inaniuma na sikuwa nimezaliwa. Huyu mtu anadai ardhi ya wasio na ardhi, anaitwa mkali asiyejua kiasi, na kosa lake ni kwamba hajajitajirisha. Waliojitajirisha ndio wa kiasi. Alifariki 2005, hakuwahi kuwa tajiri.

Na huku kwetu Pwani msijifanye hamjui. Mwanzo wa miaka ya 80 waziri Charles Njonjo alikuwa anawakejeli wabunge saba wakorofi, akawaita madada saba wenye ndevu. Wawili walikuwa wetu, Mwashengu wa Mwachofi wa Wundanyi na Chibule wa Tsuma wa Kaloleni. Wakaitwa wachochezi, baadhi ya kundi lile wakafungwa, wengine wakakimbia nchi. Nimeuliza vijana hapa mlangoni kama wanawajua hao wawili, kati ya kumi alijua mmoja na yeye anatoka Kaloleni. Lakini yule aliyeleta basi la kupeleka watu matanga mnamjua jina, simu na gari.

Nakuja 2024. Bei ya kwanza ilitajwa na serikali, bilioni 346 za kodi mpya, mkate uwekewe VAT asilimia 16, gari lilipiwe asilimia 2.5 ya thamani yake. Bungeni wakaanza ule mchezo wa kupunguza, mkate wakautoa, gari wakalitoa, tayari magazeti yanasema wabunge wamesikia wananchi. Yaani fulana ilikuwa imefika mia na ishirini. Kisha vijana, na hawakuwa na kiongozi wa kwenda kuongea naye, hiyo ndo ilikuwa shida kubwa ya wakubwa, hakuna mkono wa kushika, wakasema hatununui. Kabisa. Rejesha yote. Tarehe 25 Juni mnajua kilichotokea, vijana waliingia Bunge na risasi zikapigwa, na tarehe 26 rais Ruto akasema hatatia sahihi. Tangu nianze kufuatilia hii nchi sijaona sheria ya kodi ikianguka nzima nzima hivyo, na haikuangushwa na mtu wa katikati.

Lakini ilikuwa na bei yake na mimi sitaki kusimama hapa nikiifanya kuwa tamu. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu watu 60 waliouawa, bado waliotekwa. Mimi nina mtoto wa miaka 19. Siku ile nilimficha viatu. Semeni mtakavyo, komredi mwenye shaka na siasa za kiasi alificha viatu vya mwanawe chini ya ndoo, na akaenda na ndala.

Baadaye wale wa katikati wakaja haraka kuliko zimamoto. Julai 24 majina yakatangazwa, ODM, chama cha Raila, ndani ya baraza la mawaziri, Mbadi Hazina, Joho wetu madini, Oparanya ushirika, Wandayi nishati. Vijana walikuwa bado wanazikwa. Disemba baadhi ya yale mapendekezo ya kodi yakarudi kwa mlango wa uani ndani ya sheria nyingine, na aliyeyaleta ni huyo huyo Mbadi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha upinzani. Machi 7, 2025 Ruto na Raila wakatia sahihi mkataba wa mambo kumi pale KICC, Nairobi. Mambo yenyewe kumi ukiyasoma ni mazuri, naapa, ningeyaandika mimi mwenyewe. Shida ya mambo mazuri yaliyoandikwa na walioshiba ni kwamba hayana njaa ndani yake, hayana tarehe.

Hapo mzee mmoja mbele alinikata, na alikuwa na haki. Akasema, "Wewe unamsema Baba na tumemzika juzi." Raila tulimzika Oktoba 2025 na mimi nililia, sitadanganya, nimempigia kura kila mara jina lake lilipokuwa kwa karatasi. Mzee akasema tena, "Na katiba ya 2010 ilitoka wapi kama si kwa nusu mkate?" Nikamwambia mzee wangu, hapo umenibana. Serikali ya nusu mkate ya 2008, ile Kibaki na Raila waligawana madaraka, ilikuwa na mawaziri 40, kula kulikuwa ni kula, lakini katiba ilitoka mikononi mwake na ugatuzi umetuletea angalau hospitali ambayo ina daktari. Siwezi kukana. Ninachoweza kusema ni kwamba ile katiba haikuandikwa mezani kwa wiki mbili, ilikuwa imedaiwa tangu maandamano ya Saba Saba ya 1990, kuna watu walitolewa kucha kwa sababu yake, kwa hivyo siku wakubwa wamekaa kugawana mkate kulikuwa na bei nyingine imeshatajwa, imetajwa miaka ishirini, hawangeweza kuinuka bila kuilipa. 2018 hakukuwa na bei yetu mezani. Kulikuwa na uchovu wetu tu, na uchovu ukiupeleka sokoni unapewa bei ya kutupa.

Hapo ndo ningependa tujiseme sisi. Mimi sina shida sana na mwanasiasa wa katikati, yule anafanya kazi yake, ni kama kunguru, utamlaumu kwa kuokota? Shida yangu ni sisi wa kushoto tunajua kukataa tu. Tunajua kusema ukoloni mamboleo, tunajua kusema mfumo, mama Kongowea anauliza sasa mfumo ni shilingi ngapi, tunaanza kumweleza historia. Yule mwingine anamwambia amani, na amani anaijua, ameilala. Kama hatuna bei tunayoweza kutaja kwa neno moja sokoni basi tusilie katikati ikichorwa mbali na sisi.

Yule mzee hakuketi. Akaniuliza, "Haya, yenu ni ngapi?" Ukumbi ukacheka. Nikasema VAT ya mafuta iwe sifuri, na makato ya nyumba yaondoke kwa anayepata chini ya elfu hamsini. Mwingine akasema na ardhi ya maskwota, Pwani utaongea mafuta utaacha ardhi? Ikawa kelele, kila mtu na yake, dakika ishirini hatukusikizana na mwenye ukumbi akaanza kuzima feni. Tumepanga kurudi Jumamosi ya pili ya mwezi, kila mtu aje na namba, hotuba aache nyumbani.

Nimemsomea mama hii jioni kabla ya kuituma. Alinyamaza hadi pale kwa sifuri, akaguna. "Sifuri ndio unataka?" Ndio mama. "Basi mbona unaitaja? Ukianza na sifuri utapewa nane. Anza na warudishe yote mliyolipa tangu ile Septemba."